Saa Sita Usiku ya Tarehe Tano: Lugha Zinazolazimisha Bosi na Dev Kuelewana, na Venye Watu Huziharibu

Jaribu hii kwa grupu yenu ya chama leo jioni. Sheria inasema mchango ni 2,000, mwisho tarehe 5, na ukichelewa unapigwa faini ya 200. Sasa uliza swali moja tu: mtu akituma saa sita usiku ya tarehe tano, amechelewa ama yuko sawa? Kisha kaa pembeni ucheki vita.

Kuna wale watasema saa sita usiku ya tarehe tano ni ile dakika tarehe tano inaanza, kwa hivyo huyo mtu bado ako na siku nzima mbele yake. Wengine watasema hapana, ni pale tarehe tano inaisha, na faini alipe. Halafu mko na mama mmoja wa Mombasa ambaye kwake siku huanza jua likizama, vile Waswahili wamehesabu tangu zamani, na yeye atawauliza mnaongelea usiku upi: wa tarehe tano, ama wa kuamkia tarehe tano? Si bure watangazaji wa redio husema "usiku wa kuamkia leo". Wanajua wakisema "usiku wa Jumatano" peke yake, nusu ya wasikizaji watakosea siku.

Chama ikiwa ni ya daftari, hii story inaisha kwa kelele na soda. Lakini mkiamua kutengenezewa apu, kuna dev mmoja mahali, pengine saa nane usiku na energy drink ya tatu mkononi, ataandika alama moja kwa msimbo wake: "ndogo kuliko" ama "ndogo kuliko au sawa na". Hiyo alama moja ndiyo itaamua nani anakatwa mia mbili. Hataiweka kwa roho mbaya. Mashine inataka jibu, na hakuna mtu alimpa.

Hapo ndipo tunaingilia hii mada, na nakuomba usihepe, kwa sababu ni pesa yako iko ndani.

Speki ambayo mashine inaisoma

Kila mfumo wa kompyuta huanza na maelezo ya kile unafaa kufanya. Madev huyaita spesifikesheni, na mimi nitaita speki tusichoke. Kawaida speki ni PDF ya kurasa arobaini ambayo mteja alisaini bila kusoma, dev akasoma kurasa tatu, na baada ya miezi mitatu mfumo umebadilika lakini PDF bado inadanganya vilevile.

Wasee fulani wakauliza: je, hiyo speki ikiwa yenyewe inaweza kuendeshwa na mashine? Unaiandika, unaibonyeza, na mashine inakuambia hapa mfumo unatii, hapa unaenda kinyume. Ikianza kudanganya, inawaka nyekundu siku hiyohiyo. Na ukiiandika kwa lugha ambayo hata mweka hazina anaweza kusoma, basi bosi, dev na testa wote wanasoma ukurasa mmoja.

Ni wazo tamu sana. Ward Cunningham, Mmarekani aliyetengeneza wiki ya kwanza duniani mwaka 1995, alitoa kifaa kinaitwa Fit mwaka 2002. Mteja anachora jedwali la kawaida, upande mmoja vitu vinavyoingia, upande mwingine majibu anayotarajia, na Fit inapaka kijani ama nyekundu kila kisanduku cha jibu. Huko Uingereza, Dan North naye alikuwa anasukuma wazo la kuanza na tabia ya mfumo kabla ya kuandika msimbo, na makala yake ya 2006 ndiyo ilisambaza hilo wazo. Kisha mwaka 2008 Aslak Hellesøy, msee wa Norway, akatoa Cucumber, yaani tango, na lugha yake ikaitwa Gherkin, ambalo ni lile tango dogo la kuwekwa kwa siki. Usiniulize ni kwa nini madev hupenda kuita vitu majina ya mboga.

Gherkin ndiyo maarufu kuliko zote, na ukiiona utashangaa ni rahisi aje. Ina maneno machache ya msingi: Given, When, Then. Kwa Kiswahili chetu tuseme Ikiwa, Wakati, Basi. Ile sheria ya chama ingekaa hivi:

Ikiwa siku ya mwisho ya mchango ni tarehe 5
Wakati mwanachama anatuma 2,000 tarehe 5 saa 5:59 usiku
Basi hatozwi faini

Imeisha. Shosho yako anaweza kuisoma. Na hebu angalia kitu imefanya: huwezi kuandika "saa sita usiku" ukapita hivi hivi. Lazima uchague dakika, na ukichagua dakika moja, ile inayofuata inakutazama. Saa 6:00 je? Na kama mwanachama alituma saa 5:59 lakini mtandao ulikuwa unalia, ujumbe ukafikia seva ya apu saa 6:03? Ujumbe wa M-Pesa huja na saa ya muamala ndani yake, kwa hivyo mnaweza kuamua kufuata saa ya kutuma. Lakini lazima *mtu* aamue, na huyo mtu hafai kuwa dev wa saa nane usiku. Ni swali la chama.

Mpaka hapo, kila kitu ni fiti. Sasa mbona kampuni nyingi zilijaribu hii kitu zikaiacha?

Rahisi kusoma, ngori kuandika

Kuna siri ambayo ukiangalia ile mistari mitatu huioni. Mashine haielewi Kiswahili wala Kiingereza. Nyuma ya kila mstari kuna kipande cha msimbo ambacho dev ameandika kwa mkono, kinachosema: ukiona maneno "mwanachama anatuma" halafu namba, fanya hivi na hivi. Madev huiita gundi. Mistari mia tatu ya speki inaweza kuwa na gundi ndefu kuliko apu yenyewe, na hiyo gundi bosi haioni. Anasoma "hatozwi faini", anafurahi, kumbe gundi ya huo mstari haiangalii chochote. Kijani tupu.

Halafu kuna shida ya maneno. Testa mmoja anaandika "mwanachama anatuma". Wa pili anaandika "mwanachama ametuma". Wa tatu, "memba akituma". Kwa binadamu ni kitu kimoja, kwa mashine ni vitu vitatu, na kila kimoja kinataka gundi yake. Sisi Waswahili tunaumia zaidi hapa. Cucumber ina njia ya kusema "hii herufi ya mwisho iwepo ama isiwepo", ambayo inafaa Kiingereza vizuri kwa sababu wingi wao mara nyingi ni "s" tu inaongezwa nyuma. Kiswahili hubadilika kutoka mbele: mwanachama anatuma, wanachama wanatuma. Kale kaujanja ka mwisho wa neno hakatusaidii. Unaweza kuweka mkwaju, "mwanachama/wanachama anatuma/wanatuma", na inafanya kazi, lakini baada ya mistari hamsini macho yanauma.

Kitu cha kuchekesha ni kwamba Gherkin ina maneno ya msingi kwa lugha zaidi ya sabini. Kuna Kiklingon, lugha ya wale watu wa Star Trek ambao hawapo. Kuna Kiingereza cha maharamia. Kuna ya emoji pekee. Lakini kutafsiri Given, When, Then ni ile sehemu rahisi. Hakuna mtu aliwahi kushindwa na speki kwa sababu ya neno "Given".

Kinachoua speki nyingi ni hiki:

Wakati nabonyeza kitufe cha kijani
Na najaza 2000 kwa kisanduku cha pili
Na nabonyeza "Tuma"
Na nangoja sekunde 3

Hiyo ni maelekezo ya kutumia simu. Sheria ya chama iko wapi hapo? Designa akipaka kitufe bluu, speki mia mbili zinawaka nyekundu asubuhi moja, na hakuna hata moja inakuambia kuhusu pesa. Timu inaanza kuzizoea hizo nyekundu. "Hiyo huwa hivyo, iwachie." Siku nyekundu ya ukweli itakapokuja, nani ataiona?

Watafiti wana jina la hili. Thomas Green na Marian Petre wa Uingereza waliandika mwaka 1996 kuhusu namna ya kupima kama lugha ya kuandikia mifumo inatumika vizuri na binadamu, na moja ya vipimo vyao ni mnato: ukibadilisha kitu kimoja kidogo, unalazimika kubadilisha vingine vingapi? Fikiria ugali uliogandia sufuria. Kipimo kingine ni vitu vinavyotegemeana kwa siri, yaani ukigusa hapa, kule mbali panabomoka na hukuwa umeambiwa. Ile gundi ya Cucumber inafeli vipimo vyote viwili ukiiachilia. Na ucheki, hakuna mahali kwa hivyo vipimo walisema lugha ikifanana na Kiingereza basi ni rahisi kutumia.

Hapo ndipo watu wengi huuziwa mbuzi kwa gunia. Wanaona mistari inasomeka kama barua, wanadhani kazi imeisha.

Bosi hakuja

James Shore alikuwa mratibu wa mradi wa Fit. Huyu si hater wa nje, ni mtu wa ndani kabisa. Mwaka 2010 aliandika waziwazi kwamba ameacha kutumia na kupendekeza hivyo vifaa. Sababu yake ilikuwa fupi: wateja hawakuandika hizo speki. Mara nyingi hata kuzisoma hawakusoma. Kazi yote iliangukia matesta na madev, ambao tayari walikuwa na njia zao nyepesi za kupima msimbo, na sasa wakabeba mzigo wa pili kwa ajili ya msomaji ambaye hajawahi kufika.

Hellesøy naye, mwenye Cucumber yake mwenyewe, mwaka 2014 alilalamika kwamba watu wameichukulia kama chombo cha kupima apu baada ya apu kuandikwa, ilhali yeye aliitengeneza watu waongee *kabla*. Maana yake, kama dev anaandika msimbo Jumatatu, na testa anaandika Gherkin Alhamisi kuhusu kile dev tayari ameamua, hiyo si speki. Ni risiti.

Na hapa nitasema maoni yangu bila kuzunguka: kama hakuna mtu asiye dev anayesoma hizo faili zenu, tupeni Gherkin. Andikeni majaribio ya kawaida kwa lugha ya programu mnayotumia, mtaokoa masaa. Gherkin inalipa tu pale ambapo mtu wa pesa, wa sheria, ama wa huduma kwa wateja anakaa mezani na anaweza kusema "wacha, hiyo si kweli".

Njia ya bei rahisi ya kumleta mezani ipo. Matt Wynne, mmoja wa watu wa Cucumber, alieleza mchezo wa kadi za rangi nne: njano ni kitu mnachotaka kujenga, bluu ni sheria, kijani ni mifano, nyekundu ni maswali ambayo hakuna mtu hapo chumbani anaweza kujibu. Dakika ishirini na tano, mnaacha. Kadi nyekundu zikiwa nyingi, hamko tayari kuandika hata laini moja. Karatasi na kalamu, hakuna kompyuta, hakuna gundi. "Saa sita usiku ni ya siku gani?" ingekuwa nyekundu ndani ya dakika mbili.

Ile lugha inaogopesha ndiyo ilishika mwizi

Sasa tutoke kwa mistari ya kusomeka na shosho, twende upande mwingine kabisa. Kuna aina ya shida ambayo mifano haiwezi kukamata hata ukiandika elfu.

Chama iko na 10,000 kwa akaunti. Mwenyekiti na mweka hazina, kila mmoja na simu yake, wanatoa 8,000 wakati mmoja. Kwa kila mmoja, mfumo unafanya hatua mbili: unasoma salio uone kama zinatosha, kisha unatoa pesa na kuandika salio jipya. Watu wawili, hatua mbili mbili. Hizo hatua nne zinaweza kupishana kwa njia 6. Njia 2 ni salama: mmoja anamaliza kabisa ndipo mwingine anaanza, na wa pili anaambiwa hakuna doo. Njia 4 zilizobaki, wote wawili wanasoma 10,000 kabla ya yeyote kuandika. Wote wanaruhusiwa. 16,000 imetoka kwa akaunti yenye 10,000.

Fanya watu watano na njia zinakuwa 113,400. Utaandika Gherkin ngapi?

Kwa hiyo kazi kuna TLA+, lugha ya Leslie Lamport, msee ambaye alishinda tuzo ya Turing ya 2013, ile watu huita Nobel ya kompyuta. TLA+ haifanani na barua hata kidogo. Ni hesabu: alama za "kwa kila", "kuna", "na", "au", zile ulizotoroka fomu tatu. Unaeleza hali ya mwanzo, hatua zinazoruhusiwa, na sheria ambayo haifai kuvunjwa kamwe. Haiendeshi apu yako. Lakini iko na kifaa kinaitwa TLC ambacho kinapita kwa kila hali inayoweza kufikiwa, moja baada ya nyingine bila kuchoka, na kikikuta sheria imevunjwa kinakuonyesha njia nzima ya kufika hapo, hatua kwa hatua.

Mtu yeyote ungeuliza angekuambia hiyo haiwezi kutumika na madev wa kawaida. Ni ya maprofesa. Lakini mahandisi wa Amazon, ile idara ya seva za kukodisha, walianza kuitumia mwaka 2011, na mwaka 2015 wakachapisha yaliyotokea. Kwa DynamoDB, mfumo wao wa kuhifadhi data, TLC ilipata kosa ambalo njia yake fupi zaidi ilikuwa hatua 35. Hatua thelathini na tano za mambo kupishana vibaya ndipo data ipotee. Hilo kosa lilikuwa limepita kwa ukaguzi wa muundo, ukaguzi wa msimbo, na majaribio mazito. Hakuna binadamu angekaa chini awaze hatua 35.

Na kuhusu ugumu? Waliandika kwamba mahandisi wao, kuanzia wale wapya kabisa hadi wakubwa, walijifunza kutoka sufuri na kupata kitu cha maana ndani ya wiki mbili hadi tatu, wengine kwa wikendi na jioni zao. Wiki tatu! Kuna watu wamepigana na gundi ya Cucumber miaka mitatu.

Kitu kingine walifanya, na hii nimeipenda, ni kubadilisha jina. Ukimwambia dev "njoo tufanye uthibitisho rasmi wa kihisabati" anakumbuka ako na mkutano mwingine. Wao wakaiuza ndani ya kampuni kama kutafuta makosa ya muundo, kama rasimu ya msimbo ambayo unaweza kuipima mpaka kona ya mwisho. Lugha ileile, hesabu zilezile, watu wakaja. Lamport mwenyewe alikuwa ameona hiyo shida, na akatoa PlusCal, ambayo inafanana na lugha ya programu ya kawaida kisha inageuzwa kuwa TLA+ kwa ndani. Siku hizi kuna Quint pia, wazo ni lilelile kwa maandishi ambayo dev wa leo ameyazoea.

Usifikirie basi nimeshauza nyumba niingie TLA+. Rudi kwa ile chama ya 10,000. Tuseme umeandika sheria yako hivi: salio haliwezi kushuka chini ya sifuri. Inaonekana poa, sivyo? TLC inapita njia zote, inakuambia kila kitu kiko sawa. Kwa nini? Kwa sababu wote wawili walisoma 10,000, wote wakatoa 8,000, wote wakaandika salio la 2,000. Kwa daftari la mfumo, salio ni 2,000. Halijawahi kugusa sifuri. Sheria yako haijavunjwa hata siku moja, na 16,000 imeenda.

Sheria uliyokuwa unaitaka ni nyingine: jumla ya pesa iliyotoka isizidi pesa iliyokuwepo. Ukiandika hiyo, TLC inakushikia mwizi papo hapo. Lakini hakuna lugha, ya tango ama ya hesabu, itakuambia umeuliza swali lisilofaa. Na hapa, kusema ukweli, ile ya tango ina kitu: mweka hazina akisoma "Ikiwa salio ni 10,000, wakati watu wawili wanatoa 8,000 pamoja, basi mmoja tu anapewa", atatikisa kichwa mara moja. Mpe ile sheria ya TLA+ na atakuuliza kama unataka chai.

Hii kesi ni ya zamani kuliko wengi wetu. Mwaka 1989 Ian Hayes na Cliff Jones waliandika kwamba speki si lazima iendeshwe na mashine, kwa sababu ukilazimisha iendeshwe, unaanza kueleza *namna* ya kufanya badala ya *nini* kinatakiwa. Mwaka 1992 Norbert Fuchs akawajibu kwamba ni afadhali iendeshwe, maana mtu akiiona ikifanya kazi anagundua mapema kama ndicho alichotaka. Wote bado wako na wafuasi. Ukiniuliza, Fuchs ana haki kwa chama na Hayes na Jones wana haki kwa DynamoDB.

Na AI je?

Siku hizi msee anafungua AI, anaiambia "nitengenezee apu ya chama yenye faini ya kuchelewa", na ndani ya dakika mbili ako na msimbo. Umeona kile kimepotea? Yule dev wa saa nane usiku ambaye pengine, kwa bahati, angetuma meseji kuuliza "saa sita ni ya siku gani?" Mashine imechagua, imenyamaza. Halafu unaiambia ikuandikie na majaribio pia, inaandika kulingana na kile yenyewe ilielewa, yote yanapita kijani. Ni kama mwanafunzi ajisahihishie mtihani.

Ndio maana kwa maoni yangu, kijana anayeingia hii kazi sasa, hasa upande wa kupima mifumo, akijua kuandika ile mistari mitatu vizuri ako na kitu mkononi. Kuandika vizuri ni kuchagua dakika inayouma, kuuliza swali kabla ya msimbo, na kuacha vitufe na rangi nje. Kuijua sintaksi tu haitoshi, hiyo unaisoma chini ya saa moja.

Ukitaka kujaribu, zote mbili ni bure. Cucumber inaendeshwa na JavaScript, Java ama Ruby, chochote uko nacho kwa laptop. Faili yako inaishia na .feature, na maneno yanayofuata Given, When na Then yanaweza kuwa Kiswahili, Kikamba ama Sheng ya Kayole, mashine haijali mradi gundi yako inayajua. Kwa TLA+, Lamport ameweka masomo yake ya video kwa mtandao, na huhitaji laptop ya kutisha. Usianze na mfumo wa benki. Chukua ile chama: watu wawili, hatua mbili, 10,000. Andika kwanza ile sheria ya salio na sifuri, uone TLC ikikupongeza. Halafu ibadilishe iwe ya jumla ya pesa iliyotoka, uendeshe tena, na usome zile hatua nne polepole.